Bilkisi wa Mizani na Mtihani wa Kusikiliza

Siku Asista Hénock aliporudisha karatasi za mtihani wa Kiingereza, alianza na za waliofaulu, kama walimu wanaopenda kuchelewesha uchungu. Bilkisi alikaa mstari wa pili, mkoba magotini, akisikiliza majina ya wenzake yakiisha. Walipobaki watatu, na yeye mmoja wao, alijua.

Hénock alikuwa kijana wa miaka ishirini na tisa. Asista maana yake ni mwalimu mdogo wa chuo, ambaye bado hajaitwa profesa lakini sauti ya profesa anayo tayari. Bilkisi alikuwa na miaka thelathini na minane, mume, watoto wanne, na kazi ya kuandika uzito wa malori kwenye mizani ya kampuni moja ya usafirishaji mjini Kolwezi, njia ya kwenda Likasi. Yeye alimwita kijana "Asista" kwa adabu, na kijana alimwita "Mama" kwa adabu, na adabu zote mbili hazikumsaidia kitu siku ile.

"Mama Bilkisi," Hénock alisema, ameshika karatasi kwa vidole viwili, "barua ilikuwa ya kuandikia directeur juu ya mizigo yenye ilichelewa. Maneno mia na makumi munane. Nilisoma. Directeur iko muzima. Bibi yake iko muzima. Batoto, Mungu asifiwe, bako bazima. Kazi inaendelea, na mvua kwao ilinyesha. Sasa mi nauliza: mizigo iko wapi?"

Darasa zima likacheka. Mizigo ilikuwa mstari wa mwisho kabisa, imebanwa pembeni, nusu ya sentensi. Bilkisi alikuwa amemaliza maneno yake yote mlangoni pa mkurugenzi, akibisha hodi.

Karatasi ya kusikiliza ilikuwa mbaya zaidi. Mistari mitatu ya kwanza ilikuwa neno kwa neno, hata koma haikukosekana, na chini yake nyeupe, kama sahani iliyolambwa. Alama nne juu ya ishirini. Barua, alama sita.

"Session ya pili, ya kurudilia mutihani, ni kisha juma tano," Hénock alisema, sasa kwa sauti ya chini, maana hakuwa kijana mbaya. "Mama, we unajua sharti."

Alilijua. Kiingereza kilimwangusha mwaka uliopita, akakibeba mpaka mwaka huu. Sasa kilikuwa kimemwangusha tena. Kikimwangusha mara ya tatu, chuo kinamfuta jina, na masomo mengine yote aliyofaulu, ya biashara, ya hesabu, ya sheria, yanakwenda na maji. Miaka mitatu ya kutoka kazini na vumbi kichwani na kuingia darasani bila kula.

Asiyemjua angesema huyu mwanamke ana kichwa kigumu. Hapana. Bilkisi aliharibiwa na kusoma vizuri. Baba yake, mzee Aruna, mchuuzi wa asili ya Kasongo aliyefika Kolwezi na magunia ya mchele, alimpeleka shule ya masista ingawa watu wa msikitini walinong'ona. Masista wakamfundisha imla. Mwalimu anasoma, mtoto anaandika, na neno likianguka, rula nayo inaanguka, vidoleni. Bilkisi hakuangusha neno. Miaka sita alikuwa wa kwanza, na mpaka leo mtu akianza kusema karibu naye, mkono wake wa kulia unainuka wenyewe kutafuta kalamu ya biki, kama mbwa aliyesikia kifuniko cha sufuria.

Kisha lori la mzee Aruna likapinduka na mali yote, msichana akatolewa shuleni ili kaka zake wasome. Akaolewa na Shafii, dereva, mtu wa maneno machache na mizaha mingi. Akazaa. Akarudi darasani kukaa na watoto waliomwita mama, na diploma ya serikali, ile ya kumaliza sekondari, aliipokea na mimba ya miezi saba. Basi mtu asidhani alikwenda chuoni kutafuta pambo.

Juma la kwanza alilipoteza kwa bidii. Aliwaendea madereva wa Zambia waliopanga foleni kwenye mizani, akawasalimia kwa Kiingereza cha kitabu, polepole, kwa meno yote. Dereva mmoja wa Ndola alimtazama mpaka akamaliza.

"Mama," akamjibu kwa Kiswahili, "mi nabeba shaba. Kingereza sikupakia. Nipimie mbio niende."

Tshimanga, mwenzake wa mizani, alicheka mpaka akakosea kuandika namba ya lori. Lakini jioni ile ile alimwambia, "Enda, mama. Saa ya mwisho mi nitakushikia, kila siku, mpaka ule mutihani uishe." Na alimshikia kweli, juma zote tano, hata siku za foleni ndefu. Watu wa namna hiyo hawaandikwi kwenye diploma, na wangepaswa kuandikwa.

Saa hiyo Bilkisi aliitumia uani kwake, upande wa njia ya Mutoshi, na simu ya binti yake Leila. Hénock alikuwa amewapa wanafunzi mazungumzo ishirini ya kusikiliza, pamoja na majibu yake. Bilkisi aliwasha, akasikia maneno manne, akazima, akaandika. Akawasha, akazima, akarudisha nyuma, akaandika. Daftari likajaa. Kichwa kikabaki kama ndoo yenye tundu.

Ng'ambo ya ukuta mfupi alikaa Mama Valérie, Mkatoliki wa Manono, mjane wa fundi wa bwawa la Nzilo, mwanamke wa miaka sitini na saba aliyekuwa akichambua maharagwe kwenye ungo. Siku moja akavumilia, akavumilia, uvumilivu ukamshinda.

"Mama Leila."

"Eyo, mama."

"Ule mutu umemukata mara kumi na tisa. Nilihesabu na maharagi. Alikukosea nini?"

"Ni ya egzame, mama. Nasikiliza Kingereza."

"Ni nani anasema?"

"Mwanaume moja."

"Anasema na nani?"

Bilkisi akatazama daftari. "Bado sijafika pale."

"Anataka nini?"

"Mama, bado sijamaliza kuandika."

Mama Valérie akaweka ungo chini. "Mi Kingereza sijue hata ya kuomba maji. Lakini tangu umeanza nimesikia bantu babili, mwanaume na mwanamuke. Mwanaume anaomba kintu. Mwanamuke anakatala, na heshima, juu ni kazi yake kukatala. Mwanaume amerudilia ombi mara mbili, na sasa anaanza kukasirika. Ni vile, ao nadanganya?"

Bilkisi akaiacha simu iseme mpaka mwisho, bila kuigusa. Alikuwa ni mtu anayetaka kubadilisha siku ya safari yake, na karani wa tiketi anamwambia haiwezekani. Bilkisi alikuwa na kurasa mbili za maneno yao mkononi na hakujua kwamba wanagombana.

"Lete biki," alisema Mama Valérie, mkono umepita juu ya ukuta.

"Ya nini, mama?"

"Lete. Nitakurudishia wakati mutu amemaliza kusema."

Wazee wa Kolwezi wangemwambia Bilkisi huyu mama ni nani, lakini yeye alimjua kwa chumvi tu na kwa makaa ya kuazimana. Kumbe miaka kumi na minane Mama Valérie alikuwa mwendesha foni kwenye duka moja la sokoni. Foni, kwa waliozaliwa na simu mkononi, ilikuwa redio kubwa yenye waya mrefu juu ya paa. Kabla ya simu hizi, mwenye ndugu Kalemie au Manono au Kasongo alikwenda pale, akapanga mstari, akasema ujumbe wake, na mwendesha foni wa ng'ambo akaupokea na kumpelekea mwenyewe. Hewani kulikuwa na makelele kama mahindi yanayokaangwa, na sauti ya binadamu ilipita katikati yake vipande vipande. Aliyetaka kushika kila neno hakushika hata moja.

Basi kila siku saa kumi na nusu Bilkisi alivuka ukuta, akampa biki yake kama askari anayetoa silaha, akakaa juu ya mikono yake miwili. Simu ikasema mara moja, bila kukatwa. Ikimaliza, Mama Valérie aliuliza mambo manne tu: nani, kwa nani, anataka nini, siku gani. Na Bilkisi alipaswa kumjibu kwa Kiswahili, kana kwamba Mama Valérie ndiye mama wa yule msemaji, ametembea toka kijijini kuja kungoja habari za mtoto wake.

"Alisema kwamba kwa sababu ya hali ya..." Bilkisi alianza.

"Hapana. Hayo ni maneno. Maneno ni yake, abakie nayo. Mi nipe habari."

"Mama, lakini alisema vile."

"Nimetembea siku mbili na miguu, mutoto yangu iko mbali, na we unanisomea diktée, neno kwa neno? Ni muzima ao alikufa?"

"Ni muzima. Alikosa kazi. Anarudi siku ya ine."

"Ile njo habari."

Siku za kwanza zilikuwa chungu. Mkono ulitaka kalamu yake. Mara moja alikutwa akiandika kwa kidole juu ya paja, na Mama Valérie akakipiga kidole kile kwa mwiko, akaendelea kukoroga ugali wa fufu kwa mwiko ule ule. Mara mbili Bilkisi alilia, si kwa huzuni, kwa hasira ya mtu aliyekuwa wa kwanza miaka sita na sasa anashindwa na bibi wa jirani asiyejua Kiingereza. Siku ya kumi na moja akasikiliza daktari akimwelekeza mgonjwa, akaeleza yote manne bila kupumua, akangoja kusifiwa.

"Ni vile, mama?"

"We njo unajua Kingereza, unaniuliza mi?"

Wakafungua majibu ya Hénock. Yalikuwa vile. Bilkisi akashika uso wake kwa viganja na kukaa hivyo kitambo, na Mama Valérie, ambaye hakupenda watu kukaa hivyo, akamwambia aende akapike.

Lakini barua ilibaki, na juu ya barua waligombana kweli.

"Anza na mizigo," alisema Mama Valérie.

"Bila kumusalimia mutu? Mama, mi ni mutu wa Kasongo. Kwetu hata mwizi anasalimia."

"Niache nikuambie kintu." Mama Valérie akavuta kiti. Kulikuwa na mtu wa Mutoshi, alisema, aliyekuja kwenye foni kumwambia mdogo wake wa Kalemie kwamba baba yao amefariki. Mtu mwenye adabu. Akaanza na salamu. Akamsalimia mdogo, mke wa mdogo, watoto kwa majina, baba mkwe, jirani aliyekuwa na mguu mbaya. Kila foni ilikuwa na dakika zake, na nyuma kulikuwa na mstari wa watu. Alipovuta pumzi ili aseme neno la kifo, hewa ikafunga, Kalemie ikapotea, na haikurudi siku tatu. Kule Kalemie mdogo wake akarudi nyumbani anafurahi kwamba wote wazima, na Jumamosi akaenda kwenye ndoa ya rafiki, akacheza mpaka viatu vikapasuka, baba yake akiwa tayari ardhini.

"Ule mudogo alikuja kunitukana huku Kolwezi," Mama Valérie alisema. "Alikuwa na haki. Tangu siku ile, mutu akishika micro yangu, namuambia: tata, habari yako kwanza. Salamu itafuata kama kuko njia. Bengine baliniita mushenzi. Lakini hakuna mutu alicheza tena juu ya kilio chake."

Bilkisi alikwenda kwake, akaandika barua ya kwanza inayoanza na mizigo. Alijisikia kama aliyeingia nyumba ya watu na viatu, akaketi kabla ya kukaribishwa, akaomba chakula. Akampa Shafii, aliyejua Kiingereza kidogo cha mpakani.

Shafii akasoma, akakunja karatasi. "Hii si barua. Ni polisi."

"Lakini unaelewa?"

"Minaelewa sana. Kama mi ni directeur, mizigo narudisha leo. Na mukono unatetemeka."

Mwishoni wakapatana, wanawake wale wawili, kwa njia ya watu wazima: salamu mstari mmoja, kwa ajili ya Kasongo, halafu jambo, halafu shukrani kama maneno yamebaki. Bilkisi akaandika barua kumi na nne za namna hiyo. Mama Valérie hakuweza kuzisoma, lakini aliziweka mbele yake na kuuliza, "Jambo linaanzia wapi? Weka kidole." Kidole kikiwa chini sana, karatasi ilirudi.

Mtihani ulikuwa Jumamosi moja ya Septemba, asubuhi, jua limeshaanza kuuma. Hénock alileta spika yake, akaiweka juu ya kiti. "Mara mbili tu," alisema. "Kisha musiniombe."

Sauti ikaanza, na mara hiyo hiyo biki ishirini na tano, za walioanguka wa madarasa yote, zikaanza kukwaruza. Bilkisi akauweka mkono wake chini ya paja. Ulikuwa mtihani wa kweli sasa, si maharagwe na ukuta, na maneno yalikuwa yanapita, mazuri, mazima, mengine aliyajua kabisa na angeyaandika bila kosa. Yote yanapita na hakuna anayeyashika. Jasho likamtoka kwapani. Hénock, aliyekuwa akizunguka, akainama.

"Mama, uko mugonjwa?"

"Hapana, Asista. Nasikia."

Alikuwa mwanamke, mkuu wa ofisi. Anaongea na mfanyakazi mpya, kijana, ana woga. Mafunzo hayatakuwa Jumatatu, yamehamia Alhamisi. Alete cheti chake. Chumba nacho kimebadilishwa, namba yake ikampita Bilkisi kama pikipiki, na zamani angeikimbilia namba ile mpaka apoteze mazungumzo yote. Aliiacha iende. Sauti ilipokwisha akachomoa mkono, umekufa ganzi, akaandika maneno manne. Mara ya pili akaongeza manne mengine. Namba ya chumba haikupatikana hata mara ya pili, na mahali pake akaacha patupu, bila kulia.

Halafu barua: umenunua friji, haigandishi, mwandikie mwenye duka. Maneno mia moja na themanini. Mkono ukaenda wenyewe kwa mwenye duka, mke wake na watoto wake. Bilkisi akautazama mkono ule kama unavyomtazama mtoto anayenyemelea sukari. Mstari mmoja wa salamu. Kisha friji: siku aliyoinunua, siku ilipokufa, anachotaka, na lini. Alipohesabu, alikuwa na maneno mia moja na sabini na manane. Mawili yaliyobaki akayatumia kushukuru.

Majibu yalichukua siku tisa. Katika siku hizo alikosea kuandika uzito wa malori matatu, na Tshimanga akasahihisha yote bila kusema.

Orodha ilibandikwa ukutani chuoni, nyuma ya kioo. Bilkisi hakusukuma watu. Alingoja mpaka wembamba wamepenya na wanene wamepita, akasogea, akaweka kidole juu ya kioo, akakiteremsha. Kusikiliza, kumi na tatu. Kuandika, kumi na moja. Mbele ya jina lake, neno lililosema amepita. Akalisoma tena, toka mwanzo, na tena. Hénock alikuwa amesimama mlangoni.

"Ni nani alikufundisha, mama?" aliuliza. "Ni mwalimu moja wa Lubumbashi?"

"Ni jirani yangu. Alikuwa mutu wa foni."

"Anajua Kingereza sana?"

"Hata ya kuomba maji," alisema Bilkisi, na akamwacha hapo.

Jumapili, Mama Valérie aliporudi kutoka misa, aliwakuta uani kwake, familia nzima: Bilkisi, Shafii aliyevaa kanzu ya Idi, Leila na wadogo zake wamepangwa kwa urefu. Kulikuwa na kitenge kipya kimekunjwa juu ya sahani, na kuku amefungwa miguu. Bilkisi akapiga magoti na kupiga makofi ya viganja vilivyokunjwa, polepole, kama wanavyoshukuru watu wa upande wa Mama Valérie, na alikuwa amejifunza kwa Leila, aliyeyaona kwa wenzake wa shule, namna ya kuyapiga ili yatoe sauti nzito. Watoto wakapiga nao. Hakusema maneno mengi. Alisema, "Mama, nilipita. Ni we."

Mama Valérie akamtazama kuku kwanza.

"Huyu kuku mbona mwembamba? Balimupa kusoma usiku?"

"Ni wa kijiji, mama," Shafii alisema. "Nyama yake iko ndani ya mifupa."

Lakini alipochukua kitenge, hakukifungua. Alikaa nacho juu ya magoti, akikipapasa pembe.

"Wakati foni ilifungwa," alisema, "tajiri alinipa aksanti na ule mukebe wa redio wenye kuharibika. Nikaenda nayo nyumbani. Niliwaza masikio yangu nayo ilimaliza kazi yake. Miaka kumi na mingine juu. Batoto bangu banatuma mesaji kwa simu, banaandika, hakuna mutu ananiambia: mama, sikia hii, uniambie ni nini. Hata moja." Akakigeuza kitenge. "Saa kumi na nusu, nilikuwa natazama ukuta, nione kama we unakuya. Sikukuambia. Sasa we unapiga makofi kwangu, na mi nafanya nini?"

Akaweka kitenge chini, akakunja viganja, akampigia Bilkisi makofi mawili, mazito. Mwanamke wa miaka sitini na saba kumpigia makofi mtoto wa jirani ni jambo lisilofanyika, na Bilkisi akamshika mikono ili asiendelee, na wakabaki hivyo, wameshikana mikono, hakuna aliyejua nani aanze kuachia.

Shafii ndiye aliyewaokoa. Aliuliza kisu kiko wapi, maana kuku yule alipaswa kuchinjwa na mkono wake wa Kiislamu, ili nyumba zote mbili ziweze kumla. Mama Valérie akaenda kuleta kisu na kulalamika kwamba ni butu. Mchana wakamla kuku, mwembamba kweli, na fufu, na wakagombana juu ya chumvi mpaka sahani zikaisha.